Pikapu, Springi na Lumbesa

Pasaka ya 1968, magari 93 yalianza mbio za East African Safari. Yaliyofika mwisho ni 7. Mvua ilikuwa imegeuza barabara kuwa uji, na madereva waliokuja na sifa zao kutoka Ulaya wakabaki kwenye tope wakingoja kusukumwa. Walioshinda walikuwa wakazi wa hapa hapa Kenya, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Wawili hao walikuwa wameshinda pia 1963 kwa gari la aina hiyo hiyo, mwaka ambao magari 84 yalianza na yakamaliza 7 tu vilevile. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alikuwa amebeba taji mara mbili mfululizo. Yeye naye kwa 404.

Sisi wa kizazi cha simu tunaiona Safari kama burudani ya Naivasha, picha za vumbi na miwani ya jua. Kwa wazazi wa wazazi wetu ilikuwa pia duka la magari. Mkulima wa Molo au mwenye duka la Karatina aliyetaka gari la kazi hakuwa na video za kutazama wala mtu wa kumuuliza mtandaoni. Alisimama kando ya barabara Pasaka akajionea mwenyewe nani amepita na nani amebebwa. Peugeot 504 iliposhinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, jibu lilikuwa limeshajiandika. Ndiyo maana pikapu ya 504 ilipotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, haikuhitaji kutambulishwa kwa mtu. Ilikuja kama mtoto wa familia inayojulikana.

Nimezama kwenye historia hii kwa sababu ya ndugu yangu mdogo. Ananunua viazi Nyandarua, ana mkopo wa SACCO karibu kuiva, na kuna jamaa anayemuuzia pikapu ya petroli. Akanipigia simu: “Wewe ndiye umesoma. Nichukue ya petroli ama ningoje ya dizeli? Na nikiongeza springi mbili nyuma, si itabeba kama lori?” Swali la kwanza lina majibu mengi. Swali la pili lina jibu moja, na jibu hilo familia yetu ililipia zamani. Acha nianze na la kwanza.

Gari la kazi la petroli la enzi hizo lilikuwa kitu rahisi kuliko tunavyodhani. Tunaposema pikapu nzito tunafikiria injini kubwa, lakini injini za petroli za pikapu ya 504 zilikuwa chini ya lita 2, na mzigo wake halali ulikuwa takriban tani moja. Nguvu si sifa yake kuu. Sifa yake ilikuwa kwamba ungeweza kufungua boneti na kuelewa unachokiona. Kabureta inachanganya petroli na hewa. Plagi zinatoa cheche. Cheni inazungusha kamshafti. Hakuna kompyuta, hakuna taa ya manjano ya kukutisha kwenye dashibodi. Injini ikikataa kuwaka asubuhi yenye baridi, makosa yalikuwa mawili: hakuna cheche, au hakuna petroli. Fundi aliyekuwa na bisibisi na kipande cha msasa alikuwa na nusu ya gereji mfukoni.

Kuna jambo jingine ambalo ni fundi tu anayelithamini. Ndani ya injini hizo za Peugeot, bomba za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zile mafundi huziita silivu, hazikuwa sehemu ya bloku. Zilikuwa zinatoka. Katika injini nyingi, bomba hizo zikilika inabidi bloku nzima ipelekwe kwa mashine ikachongwe. Kwa 504 ulinunua silivu na pistoni mpya, ukachomoa za zamani, ukapachika nyingine, ukafunga. Kazi hiyo ingeweza kufanyiwa chini ya mti. Na ilifanyiwa chini ya mti, maelfu ya mara.

Hapo ndipo historia ya pikapu hii inakuwa historia yetu, si ya Wafaransa. Katika miaka ya 1970 Kenya iliamua haitaki tena kuletewa magari yaliyokamilika. Viwanda vya kuunganisha magari vikajengwa Thika, Nairobi na Mombasa, serikali ikiwa na hisa ndani yake. Vipande vilikuja kwa makasha, vikafungwa hapa. Baadhi ya vipande vilikatazwa hata kuingia, ili vitengenezwe nchini: betri, springi, rejeta, vioo, viti. 504 ilikuwa miongoni mwa magari yaliyounganishwa humu nchini, na iliendelea kuunganishwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilhali Ufaransa yenyewe iliacha kutengeneza saluni ya 504 mwaka 1983. Fikiria hilo. Gari lilikuwa limestaafu kwao, kwetu bado linatoka kiwandani jipya.

Nyuma ya viwanda kulikuwa na jeshi lisilovaa sare. 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyosambaza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Wataalamu walikuwa wamegundua kile ambacho kila mtu wa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, alikuwa anakijua: kwamba uchumi mkubwa unafanyika nje, juani, bila leseni wala paa. Jua kali. Kijana aliacha shule darasa la saba, akakaa na fundi miaka mitatu akipitisha spana na kununua chai, akatoka akiwa anaijua 504 kwa sauti. Anasikia injini ikipita barabarani anakwambia valvu ya tatu imelegea. Hakuwa na cheti. Alikuwa na sikio.

Kwa hiyo, mtu wa 1982 alipochagua pikapu ya petroli badala ya dizeli, hakuwa anachagua injini tu. Dizeli ilikuwa na faida zake, na hazijabadilika. Haihitaji cheche: inabana hewa hadi ipate moto wa kutosha, kisha inanyunyizia mafuta. Inavuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, na inakunywa kidogo kwa kila kilomita. Lakini pampu yake ya kunyunyizia mafuta ni kifaa cha vipimo vidogo mno. Ikiharibika unahitaji mtu mwenye mashine maalumu, na mtu huyo yuko mjini. Petroli ilikunywa zaidi, ila fundi wake alikuwa kila kituo cha soko. Ukikwama Marigat au Kibwezi, tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya kulala nyumbani na kulala ndani ya gari ukilinda nyanya zinazooza.

Haya ndiyo ninayoyaona katika historia hii: uimara wa gari la kazi haukai kwenye chuma peke yake. Unakaa kwa watu. Wanaolifahamu, wanaouza spea zake, wanaojua lini waseme hapana.

Na hapo kwenye hapana ndipo mambo yalipoharibika.

1973, Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila zile leseni maalumu za uchukuzi zilizokuwa zikihitajika. Miji ilikuwa inafura, mabasi hayatoshi. Pikapu zikawekwa kibanda cha mabati nyuma na benchi mbili za mbao zinazotazamana, goti kwa goti na mtu usiyemjua. Watu wakaziita “face me”. Gari lililoundwa kubeba tani moja ya mzigo likaanza kubeba watu ishirini na kitu, kuku, magunia juu ya keria, na makanga akining’inia mlangoni kwa mkono mmoja.

Ili sehemu ya nyuma isikalie matairi, mafundi waliongeza springi. Vile vibapa vya chuma vinavyopangwa kama kurasa chini ya bodi, wakaongeza kibapa, halafu kingine. Gari likasimama wima tena hata likiwa limejaa. Kwa macho lilionekana lina nguvu zaidi. Sisi Wakenya tuna neno la kitu kama hicho: lumbesa. Gunia la viazi sheria inataka liwe kilo 50. Mnunuzi analishonea kofia ya wavu juu, linabeba karibu mara mbili, bei inabaki ya gunia moja. Anayepunjwa ni mkulima. Pikapu iliyoongezwa springi ni lumbesa ya magurudumu manne. Swali ni nani anayepunjwa.

Babu yangu mzaa mama alikufa 1986 akitoka sokoni, ndani ya pikapu ya aina hiyo, kwenye mteremko mrefu. Mama alikuwa darasa la saba. Nimelisikia tukio hilo likisimuliwa maisha yangu yote kwa sentensi moja: breki zilikataa. Kama vile breki ni mtu mwenye kiburi, siku hiyo aliamka vibaya.

Breki hazikataagi tu. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ukiongeza uzito maradufu, kwa kasi ile ile, joto la kuondolewa nalo linakuwa maradufu. Springi inaongeza mzigo unaoweza kukaa juu ya gari. Haiongezi ukubwa wa breki, haiongezi unene wa ekseli, haiongezi nguvu za beringi wala matairi. Mteremko mrefu, gari limejaa, dereva ametoa gia ili kuokoa petroli, breki zinachemka. Oili ya breki ambayo haijabadilishwa miaka mingi imeshafyonza unyevu wa hewani, na oili yenye maji huchemka mapema. Ikichemka inakuwa povu la mvuke, na mvuke unabonyezeka. Pedali inazama hadi sakafuni bila kufanya lolote. Kutoka ndani ya kibanda cha mabati huwezi kujua. Unahisi tu gari linakimbia.

Breki za gari lile hazikukataa. Zilipewa kazi ya magari mawili.

Sheria zilikuja polepole. Mwaka 1984 matatu zilitambuliwa kisheria na kutakiwa kukaguliwa. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na idadi kamili ya abiria. Kufikia hapo “face me” nyingi zilikuwa zimeshapisha Nissan za abiria 14. Wapenzi wa kale huzikumbuka kwa tabasamu. Mimi nafurahi zilikwenda.

Kulikuwa na deni jingine ambalo halikuonekana kabisa. Petroli ya miaka hiyo ilikuwa na risasi ndani yake, si ya bunduki, ile metali. Iliongezwa ili injini zisigonge, na katika injini nyingi za zamani ililinda pia viti vya valvu visiliwe. Ilitoka kwenye ekzosi ikaingia mapafuni mwa watoto waliocheza kando ya barabara, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuiondoa. Kufikia Januari 2006 kanda hii ilikuwa imeiaga. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, 2021, na habari hizo zilitangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri. Mtaani ulisikia wazee wakilalama kwamba petroli mpya haina nguvu. Sehemu ya nguvu waliyoikumbuka ilikuwa sumu.

Kilichoimaliza pikapu ya petroli kama mfalme wa soko, hata hivyo, kilikuwa biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 milango ya uagizaji ilifunguliwa na mitumba kutoka Japani ikaingia kwa meli. Viwanda vya kuunganisha vikabaki na nafasi tupu. Japani ilileta pikapu za dizeli ngumu kama mawe, na tofauti ya bei ya mafuta ikafanya hesabu iliyobaki. Pole pole fundi wa 504 akawa mzee wa 504. Peugeot walirudi kuunganisha magari Thika 2017, lakini safari hii walianza na magari ya starehe.

Sasa, tumrudie mnunuzi wa leo. Injini ya petroli ya pikapu ya kisasa si ile ya babu, lakini kosa kubwa ni kudhani dizeli nayo imebaki ile ile. Dizeli ya sasa hunyunyizia mafuta kwa presha kubwa mno, kupitia matundu madogo sana. Maji kidogo kwenye tangi, au mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, na injekta zinakufa. Bei ya kuzibadilisha inaweza kukukalisha chini. Uchanganyaji huo si hadithi. Ulienea hadi 2018 serikali ikaongeza tozo kwa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Petroli inayonyunyizia kwa presha ndogo huvumilia zaidi. Upande wa pili, petroli hailisamehei gari linalobeba mzigo mzito kilomita mingi kila siku. Kama kazi yako ni kupandisha viazi kutoka Naivasha hadi Nairobi, ukiukwea ukuta wa Bonde la Ufa umejaa, siku sita kwa wiki, utalia kila tarehe 14 EPRA wakitangaza bei. Na Nyandarua iko juu ya mita 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ile nguvu uliyosoma kwenye karatasi ilipimwa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari.

Ndugu yangu hapeleki viazi Nairobi. Anavitoa mashambani hadi stoo, kilomita nane, kumi, kwenye barabara za udongo, anazima, anawasha, anazima. Kwa kazi hiyo petroli inafaa kabisa. Nilimwambia hivyo, kisha nikamwambia asinunue bado.

Kwanza, aende asubuhi kabla mwenyewe hajaliwasha. Injini iliyopashwa moto huficha maradhi. Afungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado baridi: maji yenye utando wa oili, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, maana yake gasketi ya hedi imepasuka au hedi yenyewe imepinda. Gari la petroli lililochemka mara moja likiwa na mzigo huweza kubeba jeraha hilo miaka. Moshi wa bluu ukikanyaga mafuta ni oili inayoungua. Alale chini aangalie springi. Akikuta vibapa vya ziada, au alama za kuchomelea kwenye fremu, ajue gari hilo limeshabeba lumbesa, na umri wake halisi si ule ulioandikwa kwenye kitabu.

Pili, baada ya kununua, kuna matunzo madogo ambayo hayana sifa yoyote. Filta ya hewa kila wiki kwenye vumbi, kwa sababu vumbi la barabara za udongo hula silinda kama msasa. Kulanti halisi, si maji ya mtaro. Plagi na filta ya petroli kwa wakati. Oili ya breki kila miaka miwili, hata kama gari halijaonyesha dalili. Na apate fundi mmoja kabla gari halijaharibika, si baada. Fundi kijana mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, lakini pia mwenye sikio. Hao wapo, mtu wangu. Wako Kariobangi, wako Nakuru, wanajifunza kutoka kwa simu zao na kutoka kwa wazee wale wale wa 504. Wanachokosa ni wateja wanaowalipa kuzuia, badala ya kuwalipa kufufua.

Tatu, springi. Fundi ataziongeza akimwomba, kwa sababu ni kazi ya saa chache na ni pesa. Gari litasimama vizuri, na siku ya kwanza litabeba magunia mara mbili bila kulalamika. Hata siku ya hamsini. Ila ile hesabu ya joto haibadiliki kwa sababu gari halijalalamika. Mzigo wa tani moja ni tani moja. Ukibaki mwingine, kuna safari ya pili. Safari ya pili ina bei yake ya petroli, na unaiandika kwenye daftari ukaimaliza.

Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama mama anajua anataka kununua pikapu. Nikamwambia amwambie mwenyewe, na aanze na breki.